Kistari kwenye Ubao wa Muzee Bagalwa

Kuna Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na sidhani itanitoka mpaka siku watakaponirudisha Mumosho kulala karibu na mama yangu. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya ligi huko Ulaya, mwezi wa tano, mvua za mwisho kabla ya kiangazi, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne mwenye chaki mkononi. Naikumbuka kila ninapowaona wajukuu zangu wameinamia simu, wanabishana nani anaongoza na nani anashuka daraja. Niache niisimulie polepole. Goti langu haliniruhusu kwenda mbio, na hadithi yenyewe inahusu hasara ya kwenda mbio.

Tulikaa Bukavu, kwenye mtaa mmoja wa mlimani, kule ambako nyumba ya jirani huyu iko juu ya kichwa chako na bati la jirani yule liko chini ya miguu yako. Umeme ulikuja ulipotaka. Televisheni ilikuwa moja tu, kwa mapadri, na mapadri hawakupenda kelele. Lakini usidhani tulikuwa hatujui kitu kuhusu mpira wa Ulaya. Tulikuwa na ubao wa Muzee Bagalwa.

Huyu Muzee Bagalwa alikuwa jirani yetu, mgane, mtu mrefu ambaye suruali zake zote zilimwishia juu ya kifundo cha mguu. Kazi ya maisha yake ilikuwa kupima mvua. Aliifanya kwenye shamba moja la chai huko juu milimani: kila asubuhi alipanda kilima, akamimina maji ya kopo kwenye chupa yenye mistari, akasoma, akaandika kwenye daftari. Alifanya hivyo miaka na miaka. Alipostaafu na kushuka mjini, mkono wake ulikataa kustaafu pamoja naye. Mvua ya mjini hakuna aliyemuuliza habari zake, basi akaanza kupima mpira.

Alikuwa na redio ya mawimbi mafupi. Kila Jumapili alikaa kibarazani sikio likiwa karibu kugusa redio, akasikiliza matokeo kwa Kifaransa, kisha akayaandika kwenye ubao uliotundikwa ukutani. Ubao wenyewe ulikuwa mbao mbili alizozipigilia pamoja na kuzipaka unga mweusi wa mawe ya redio, yaani betri, yaliyokufa. Aliuchora mistari kwa rula: jina la timu, michezo iliyochezwa, pointi, mabao ya kufunga, mabao ya kufungwa. Ligi tatu zilikaa pale bega kwa bega. Watu wakitoka misa ya Jumatatu asubuhi walipita kusoma msimamo kabla ya kwenda kazini, na wengine, Mungu awasamehe, walipita kwenye ubao bila kupita kwenye misa.

Nikwambie ukweli, mpira wenyewe haukunivutia. Kilichonivutia ni lile jedwali. Nilisimama mbele yake nikirudi kutoka kisimani, bidon, yaani dumu la maji, mgongoni, na maswali yakanijaa. Kwa nini timu iliyofunga mabao mengi iko chini ya ile iliyofunga machache? Timu inawezaje kupanda ngazi mbili wiki ambayo haikucheza? Na sisi tulio hapa, ambao hata Bunyakiri hatujafika, tunajuaje kwamba jana mechi ya mji fulani iliahirishwa kwa sababu ya theluji? Kuuliza si ujinga, mwanangu. Siku moja niliuliza kwa sauti, na Muzee alikuwa nyuma yangu.

“Muzee, juu ya nini kwa hii ligi kushinda iko pointi tatu, na kwa hii ingine iko mbili?”

Alifurahi mpaka akakaa chini. Wakati huo ndivyo ilivyokuwa kweli, kila ligi na hesabu yake.

“Kila inchi ya Ulaya iko na mizani yake, mutoto yangu,” aliniambia. “Weye usichanganye mizani, utakosa kujua uzito. Na angalia huyu wa tatu. Iko na matchi moja yenye hajacheza. Basi iko wa tatu wa leo tu, kesho atakuwa mwingine.”

Tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake. Mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, maana wake ulikuwa umeanza kutetemeka, basi yeye akawa anasikiliza na mimi naandika. Watu wakaanza kuniita mwandishi wa ubao. Walisifu namba zangu, hasa ile tano yangu yenye kofia. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi, uniangalie hivi nilivyo mnyenyekevu leo, nilisifiwa mno.

Kitu kimoja tu hatukuelewana na Muzee: kistari. Redio ya mawimbi mafupi ni kama jirani mwenye hasira, leo anasema, kesho amenuna. Matokeo mengine hatukuyapata. Na pale ambapo hakusikia, Muzee aliniamuru nichore kistari kifupi, basi, mpaka habari zije. Mimi niliona ubao wenye vistari ni kama mdomo wenye mapengo. Papa Zihindula, fundi wa cherehani wa mtaani kwetu, alikuwa akimtania kila Jumatatu: “Muzee, hii kistari tutaikula na nini?” Nikamuuliza Muzee kwa nini tusiweke sufuri kwa muda, angalau nafasi ijae.

Alinijibu akinyoshea kidole ubao.

“Ukiandika zéro, uko nasema: niliangalia, hakukuwa kitu. Ukiandika kistari, uko nasema: sikuona. Usifananishe hivi vitu viwili hata siku moja.”

Nilisema ndiyo, Muzee. Watoto wanajua kusema ndiyo.

Sasa nikupe desturi ya mtaa wetu, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Jumapili ya mwisho ya ligi, shabiki ambaye timu yake imekosa ubingwa alishuka kisimani, akajaza bidon ya lita ishirini, akaipeleka mpaka mlangoni kwa shabiki wa timu iliyoshinda. Na aliibeba kama wanavyobeba mama zetu: bidon mgongoni, mugozi, ile kamba pana ya kubebea, kwenye paji la uso, shingo mbele. Kwa mwanaume wa wakati ule, kupanda mlima hivyo mbele ya mtaa mzima kulikuwa aibu ya kusimuliwa mpaka Krismasi. Mimi nilibeba hivyo kila siku ya Mungu na hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Hilo nalo ni la kufikiria, lakini si nasaha ya leo.

Mwaka ule waliobaki kushindania ubingwa katika ligi moja walikuwa wawili. Majina ya timu sitayataja, na hata sisi hatukuyatumia, maana ulimi uliyakataa. Timu ya mji wa bandari tuliiita Wavuvi. Timu ya mji ulio chini ya milima ya theluji tuliiita Wamilima. Mjukuu wangu mmoja anatafuta kwenye simu ni ligi gani na mwaka gani. Nimemwambia aendelee, anapata mazoezi.

Wamilima walikuwa timu ya Papa Zihindula, ambaye alisema mtu wa mlima hawezi kumsaliti mtu wa mlima mwenzake. Wavuvi walikuwa timu ya mwalimu Mugisho. Huyu mwalimu alikuwa mtoto wa mvuvi wa Kalehe, na alikuwa amefundisha nusu ya mtaa kusoma, nami nikiwemo. Alivaa koti jeusi jua liwe kali namna gani. Hakuwa mtu wa kelele, hakuwa mtu wa kutaniwa. Lakini baada ya misa ya Jumapili ile, mbele ya watu, Papa Zihindula alimnyoshea mkono na yeye akaushika. Wavuvi walikuwa mbele kwa pointi moja. Wakishinda mechi ya mwisho ni mabingwa, hakuna hesabu zaidi. Wakipoteza na Wamilima wakashinda, mwalimu atabeba.

Muzee Bagalwa hakuwepo. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki huko Lwiro, akaondoka Jumamosi na gari la mizigo kwenda kuzika. Kabla ya kuondoka aliniachia redio, chaki mpya, na maneno machache.

“Classement ya mwisho, ile msimamo ya ligi, utaandika peke yako. Ukiiandika vizuri, nikirudi nitakupa daftari. Njo itakuwa yako.”

Daftari hilo, mwanangu! Jalada gumu, kurasa zenye mistari myembamba, msimamo wa kila wiki wa kila ligi tangu aliposhuka mjini, umenakiliwa kwa wino. Hakuna kitu nilichokitamani kama kile. Msichana mwingine angetamani kitenge. Aliongeza, akiwa mguu mmoja ndani ya gari: “Na kama husikie, andika kistari.”

Jumapili ile nilianika mawe ya redio juani tangu asubuhi, ili yapate nguvu kidogo. Saa kumi mechi zilianza, zote kwa wakati mmoja. Mimi nilikaa kibarazani kwa Muzee peke yangu, maana wanaume walikuwa kwenye shughuli zao na ubao walizoea kuusoma, si kuusubiri. Ilipofika mapumziko mtangazaji alizunguka viwanja. Nilisikia wazi kabisa: Wavuvi, ugenini, wamefungwa bao moja bila. Wamilima, nyumbani, wanaongoza mawili bila. Niliandika kwenye kiganja changu kwa chaki.

Kisha mvua ikaja. Kama hujawahi kukaa chini ya bati la Bukavu wakati mvua ya Mei inamwaga, siwezi kukueleza. Hata mtu akupigie kelele sikioni, utaona mdomo tu. Nilijifunika blanketi pamoja na redio, nikabana sikio. Sikusikia neno. Ilinyesha zaidi ya saa moja, na ilipokatika mawe ya redio yalikuwa yamechoka. Ilibaki sauti kama ya nyuki ndani ya chupa, halafu ikawa kimya.

Nje kulikuwa na mwanga bado, ule mwanga safi wa baada ya mvua, na ubao ulikuwa unaningoja. Ligi nyingine mbili zilikuwa zimekamilika tangu Jumamosi, nimezijaza zote, namba zimejipanga. Zilibaki nafasi hizo za mabingwa. Nilijiambia: timu iliyofungwa ugenini siku ya mwisho itarudisha vipi? Nilijiambia: wale wenye mabao mawili nyumbani wameshamaliza kazi. Nilijiambia mambo mengi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kuvumilia kumpa Muzee ubao wa mwisho wenye kistari pale juu kabisa, na mimi mwenye tano yenye kofia. Nikaandika matokeo ya mapumziko kama ya mwisho. Nikajumlisha pointi. Wamilima wakapanda, Wavuvi wakashuka. Chini nikaandika kwa herufi kubwa neno mabingwa na jina lao. Ulikuwa ubao mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika, nakuapia.

Watu walianza kuja wakikwepa madimbwi. Papa Zihindula aliposoma aliruka kama kijana. Kisha umati ukafunguka na mwalimu Mugisho akapita. Alisoma ubao toka juu mpaka chini, kama anasahihisha kazi ya mwanafunzi. Halafu akanigeukia mimi, si mwingine, akaniita kwa jina langu.

“Nsimire. Uliisikia na masikio yako, mpaka mwisho?”

Mwanangu, mlango wa kutokea ulikuwa hapo, wazi, ungeweza kupitisha ng'ombe. Neno moja tu lingetosha. Macho ya watu wote yalikuwa kwangu.

“Ndiyo, mwalimu,” nilisema.

“Basi. Ubao ya Muzee haidanganyake.”

Akavua koti lake jeusi. Sikuwahi kumwona bila koti. Shati lake lilikuwa limetiwa viraka mgongoni, na nikaelewa kwa nini alivaa koti hata kwenye jua. Akanipa mimi nimshikie.

Nilisimama pale na lile koti mikononi wakati yeye anashuka kisimani. Njia ilikuwa tope tupu. Aliporudi, mugozi ulikuwa umemkaa vibaya, karibu na nyusi, mama mmoja akamfuata na kumsogezea juu bila kusema kitu. Watu walicheka, watoto waliimba. Kwenye kona ya mti wa mavoka, yaani parachichi, aliteleza akapiga goti chini, maji yakamwagika mgongoni, akainuka. Papa Zihindula alikuwa anapiga makofi mlangoni kwake, lakini alipomwona mwalimu karibu, shingo imetoka mishipa, aliacha kupiga akakimbia kumpokea mzigo. Nadhani hata yeye hakuufurahia ushindi wake kama alivyotegemea.

Mwalimu alirudi kuchukua koti. Alifuta mikono kwanza ili asilichafue.

“Aksanti kwa kunishikia,” aliniambia.

Usiku huo sikula. Mama yangu alidhani nina malaria. Nilikuwa na swali moja tu: je, kama Wavuvi walirudisha?

Jumatatu mchana Muzee Bagalwa alishuka kutoka Lwiro, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Hata hakuingia ndani. Alisimama mbele ya ubao, akaniita.

“Hii uliisikia wakati gani?”

“Mbele ya mvua kunyesha, Muzee.”

“Mvua ilianza saa ngapi?”

Nani anamdanganya mpima mvua kuhusu mvua? Nikasema kwamba ilianza wakati wa mapumziko.

“Kwa hiyo iko ya mi-temps,” alisema. “Kule kwa kilio, mujomba mumoja alikuwa na redio. Wavuvi balirudisha. Balishinda mbili kwa moja. Njo bako ba champions.”

Nilikimbia kuchukua kitambaa kibichi nifute haraka kabla watu hawajapita. Alinishika mkono.

“Usifute. Mwalimu alibeba maji?”

“Alibeba.”

“Na koti yake?”

“Nilimushikia mimi.”

Hapo ndipo Muzee alipokaa chini kwenye ngazi, akaweka viatu vyake pembeni. Nilitegemea kofi. Nilitegemea aniambie asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Badala yake alianza kuniambia habari zake mwenyewe, akiwa anaangalia bonde.

“Nilikuwa kijana. Kulikuwa harusi, siku tatu sikupanda kilima. Nilirudi, nikaandika zéro, zéro, zéro. Nilisema iko kiangazi, mvua itatoka wapi? Leo niko muzee, na sikumbuke tena ilikuwa mwezi gani, hata mwaka gani. Ma zéro yangu ya kweli iko mingi, na ile tatu iko ndani yao, inafanana nayo. Nikifungua daftari ya zamani, sijue nikatale gani, niamini gani. Nilipima mvua maisha yangu yote, na siku tatu ziliharibu zote.”

Alisema hivyo bila kulia, lakini sauti yake haikuwa ile ya kila siku. Mimi ndiye niliyelia. Aliniacha nilie, kisha akanipa chaki akanionyesha namna ya kusahihisha. Kwenye daftari la mvua, alisema, hatufuti. Tunapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, lisomeke, kisha tunaandika la kweli pembeni. Nikapiga mstari juu ya namba zangu nzuri. Nikaandika mbili kwa moja. Nikapiga mstari juu ya jina la mabingwa na kuandika Wavuvi.

“Sasa enda kwa mwalimu,” alisema. “Mimi sitakusindikiza.”

Kutoka kwa Muzee mpaka kwa mwalimu ni hatua labda mia mbili, na sijawahi kutembea njia ndefu kuliko hiyo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti, goti limefungwa kitambaa chenye maji ya chumvi, koti linaning'inia kwenye msumari. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kuhusu mvua, kuhusu mapumziko, kuhusu ndiyo yangu. Halafu, mwanangu, ule udadisi wa mtu wa mpira ukamshinda hata hasira, akainama mbele.

“Balishinda? Nani alifunga?”

“Sijue, mwalimu.”

“Na la pili, liliingia dakika gani?”

“Sijue.”

Aliniangalia. Ninayaona macho yale mpaka leo.

“Hii neno ‘sijue’, jana ilikuwa wapi?”

Akasema, taratibu kama anavyofundisha: “Maji haiko kitu. Niliibeba, ikaisha. Lakini nilikuuliza weye, na nilikuamini.” Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye alikuwa amejikwaa goti, mimi ulimi, na kati yetu wawili najua nani alipona mapema.

Jumapili iliyofuata Papa Zihindula, bila kuambiwa na mtu, alishuka kisimani na bidon yake. Alisema maji ya haramu yanamkaa tumboni. Nami nilimfuata nyuma na bidon yangu ya lita ishirini, ile ya kila siku, na tulipofika mlangoni kwa mwalimu watu walipiga makofi kwa ajili yake, si yangu, na hivyo ndivyo ilivyostahili. Mwalimu alizipokea bidon zote mbili. Alimtania Zihindula kwamba mtu wa mlima hajui kubeba kwenye mlima. Mimi hakunitania. Ilimchukua mpaka mwanzo wa masomo, mwezi wa tisa, kunitania tena, na siku hiyo nilirudi nyumbani ninaimba.

Ubao ulibaki vile vile kiangazi chote, maana ligi zilikuwa zimekwisha na hakukuwa na jipya la kuandika. Juni, Julai, Agosti, hakuna mvua ya kuosha hata chaki. Kila aliyepita alisoma mstari wangu mwembamba na kosa langu chini yake. Nilijifunza kupita hapo bila kuinamisha kichwa, na haikuwa rahisi.

Siku ambayo msimu mpya ulianza, Muzee aliniita akatoa daftari kwenye sanduku la mbao. Nilidhani anataka ninakili kitu. Aliniwekea mikononi. Nikamwambia sistahili, nilishaharibu.

“Njo maana,” alisema. “Weye sasa uko na kosa moja, na unajua mahali iko. Miye yangu sitaiona tena.”

Daftari hilo ninalo hapa, mwanangu, limeliwa na mende pembeni lakini linasomeka. Baadaye nilikuja kuwa muuguzi, nikaandika joto la wagonjwa na saa za dawa miaka mingi, na mara nyingi nilichora kistari pale ambapo wenzangu walitaka nijaze namba ili karatasi ipendeze mbele ya daktari. Daktari mmoja alinigombeza. Nilimjibu kwamba sikuona, na kwamba nikiandika nimeona, mgonjwa ndiye atakayebeba maji. Hakuelewa, lakini alikwenda kupima mwenyewe.

Siku hizi msimamo wa ligi unakaa kwenye simu na unajisogeza wenyewe mechi ikiwa inaendelea. Ni kitu cha ajabu, na nakiri naupenda; naweza kuuangalia kama ninavyoangalia samaki kwenye maji. Timu inapanda kileleni dakika ya ishirini, inashuka dakika ya sitini, inapanda tena. Wiki iliyopita mjukuu wangu alipiga kelele kwamba timu yake inaongoza ligi, akawatumia rafiki zake wote, akabadilisha mpaka picha. Nikamuuliza: “Imeisha?” Ilikuwa mapumziko. Jioni alikuwa amezima simu. Wananiita Koko Imeisha, yaani Bibi Imeisha, na mimi naitika.

Basi nasaha yangu ni hii, ishike hata ukisahau mengine. Uliza sana, udadisi ni kitu kizuri, Mungu ndiye aliyeupanda. Lakini swali ambalo halijapata jibu liache wazi, usiliwekee jibu lako ili nafasi ijae. Ukisikia nusu, sema umesikia nusu. Mtu akikuuliza kama umesikia mpaka mwisho, jua kwamba anavua koti lake akupe ulishike, na atakwenda kubeba mzigo kwa neno lako. Na ukikosa, usifute. Piga mstari mwembamba, andika la kweli pembeni, kisha nenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa uliyemkosea, hata kama hakuna wa kukusindikiza.

Mungu akupe masikio yatakayongoja filimbi ya mwisho, mwanangu. Akupe mkono usioona haya kuchora kistari, na majirani kama mwalimu Mugisho, wanaokuamini bila kuuliza mara mbili. Na mvua ikija katikati ya habari, akupe uvumilivu wa kukaa chini ya bati mpaka ikatike.